Ngamia wa Tano

Ghalib alitoa nakala ishirini na tatu za kibali kimoja
akazipanga chini ya kioo cha gari kama karata.
"Kila kizuizi kitameza moja," alisema,
"zikiisha kabla ya vizuizi, tutageuka."

Kijiji nimeapa nisikitaje.
Kiko Tihama, pale joto linapokukalia kifuani,
nyumba za matete, mtama uliokauka ungali shambani
kwa kuwa hakuna anayethubutu kuuvuna.

Wanaume walikuwa wakipanga ngamia ubavu kwa ubavu,
wakiwavuta hatamu, wakiwatukana kwa mapenzi.
Upande huu, tuta la udongo la kurukia.
Upande wa pili mchanga laini, hatua kumi na moja, nilihesabu,
kisha mstari wa mawe yaliyopakwa rangi nyekundu.
Ng'ambo ya mawe hajakanyaga mtu
tangu mbuzi wa Futaini aliporuka bila kutaka.

Basi mchezo umepata kanuni mpya:
asiyeruka mbali ameshindwa,
aliyeruka mbali mno hatasikia vigelegele.

Mtoto mmoja, Jubran, aliniganda kama kupe.
"Sura! Sura!" Kwao sura ni picha.
Kwetu ni uso. Nikampiga uso,
akautazama, akanuna:
eti nimemfanya mnene.

Shui alikuwa kuli kabla bandari haijapigwa.
Visigino vyake vimepasuka,
ungeweza kuficha shilingi ndani.
Alivuka watatu bila kutoka jasho.
Wanne.
Akaomba wa tano, akaletewa ngamia jike
wa rangi ya chai ya maziwa, anacheua,
hajui amekuwa kipimo cha mtu.

Mimi nilitaka mbingu nyingi chini ya nyayo zake.
Ukitaka mbingu, shuka. Nikapiga magoti, nikalala,
nikajivuta nyuma, jicho moja kwenye kamera,
jingine nimelifumba kama mjinga.
Nusu hatua. Nusu nyingine.

Ndipo ule mvumo ukaja, juu, mwembamba,
mbu aliyeingia chandaruani,
na watu wote wakainua nyuso. Hata ngamia.
Shui peke yake alikuwa keshaanza kukimbia,
macho yake yako mchangani, pale atakapotua.

Jubran akavuta mkanda wa kamera kwa uzito wake wote.
Nikabingirika chali. Kidole kikabonyeza chenyewe.
Nilipomaliza kutema mchanga
wanawake walikuwa wakishangilia nyuma ya ua,
Shui ameketi, anacheka, hatua mbili kutoka kwenye mawe,
na kisigino changu kimelala juu ya jiwe jekundu
kama kichwa juu ya mto.
Hakuna aliyenisema.
Jubran alinipangusa vumbi tu, kwa hasira, kama mama.

Nikamwomba Shui arudie.
Naliandika hili kwa sababu sitaki kulisahau: nilimwomba arudie,
na ile ndege ingali inavuma.
Akatazama mawe, akapandisha kikoi, akarudia.
Mara mbili.
Nikapata mbingu yangu yote.

Kizuizi cha kumi na nne, nakala zimebaki tisa,
askari kijana, shavu limevimba mirungi,
aliitaka kamera. Akafuta polepole, moja moja,
kama anayechambua mchele.
Jubran mnene, akafuta. Ngamia wanacheua, akafuta.
Kwa Shui aliye hewani kidole kikasita.
"Watano?"
"Watano."
Akainua vidole vitatu, akajigusa kifua.
Vita vilikuwa havijaanza, alisema, na mama yake alikuwepo.
Kisha akafuta.

Moja aliiacha, hakuona ndani yake cha kuhofia:
mchanga ulioinama, jiwe jekundu, ncha ya ndara yangu,
na pembeni kivuli kinapita.

Ghalib anasema ni ile ndege.
Nimekihesabu miguu.